Ukuta wa Shemeji

Kila aliyemjua alimwita Tanuri. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri la kiwanda cha mikate tangu ndevu zake hazijaota hadi zilipoota mvi, na hasira zake zilikuwa ndugu wa lile tanuri: zilichelewa kushika, lakini zikishashika, hata ukiondoa kuni zote, matofali yalibaki na joto lake mpaka kesho.

Asubuhi ile, mbele ya dirisha la ofisi ya mipango miji, zilikuwa zimeshashika.

"Umbali hautoshi, mzee wangu," alisema dada wa dirishani, akimrudishia ramani yake chini ya kioo kama mtu anayerudisha sahani bila kuigusa.

Walikuwa wamempiga danadana vya kutosha. Kwanza waliambiwa, yeye na mchoraji wake, kwamba mchoro hauoneshi maji ya bafu yatakwenda wapi. Mchoraji akayachora maji. Kisha karatasi ikawa ndogo, inatakiwa kubwa. Akaleta kubwa, ikawa haienei hata kwenye meza yao wenyewe. Sasa ni umbali.

"Umbali wa kutoka wapi mpaka wapi?" aliuliza.

"Kutoka chumba unachotaka kuongeza mpaka kwenye mpaka wa kiwanja. Mkaguzi wetu alikuja akapima. Sheria inataka uache nafasi ya mtu kupita na vifaa vyake, moto ukitokea. Wewe hujaacha."

"Alipima kuanzia wapi huyo mkaguzi?"

"Kwenye ukuta wa uzio, baba. Angeanzia wapi?"

"Ule ukuta si mpaka."

Dada aliinua uso. "Ukuta wa uzio wako si mpaka?"

"Si mpaka."

"Sasa mpaka uko wapi?"

"Uko upande wa pili. Kwa jirani."

Foleni nzima ilicheka. Bwana mmoja mwenye ramani kwapani alisema, "Kwa hesabu hiyo, mzee, hata mimi mpaka wangu uko kwa jirani. Tena karibu na jiko lake."

Tanuri aligeuka polepole. "Wewe umekuja kuomba kibali au kuomba kofi?"

Kicheko kilikatika. Dada wa dirishani hakucheka wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Tanuri zaidi. Mtu mkorofi unamkasirikia, mnamalizana. Mtu mpole mwenye sheria mkononi, hasira unabaki nayo peke yako.

"Sikia, baba," alisema yule dada. "Kama ukuta si mpaka, mambo ni mawili. Jirani yako asaini hapa kwamba ukuta ulijengwa ndani ya kiwanja chako, tuje tuthibitishe. Akikataa, lete mpima mwenye leseni afukue mawe ya mpaka. Lakini ujue kitu kimoja. Kwa njia yoyote ile, lazima nije mwenyewe. Na nikija naona kila kilichopo, cha kwako na cha jirani. Siwezi kufumba jicho moja."

Tanuri aliichukua ile karatasi ya kusainiwa. Alipoteremka ngazi za ofisi alikuwa akisema peke yake, na watu walimpisha.

Habari ya ukuta ule ilikuwa hivi. Jirani yake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, tena mdogo wa mkewe huyo, wa tumbo moja. Viwanja vile walivinunua siku moja, kimoja ubavuni mwa kingine. Shemeji wakati huo alikuwa na lori, na lori lile lilikuwa roho yake. Walipotaka kujenga uzio ikaonekana kwamba ukuta ukisimama mpakani, lori halitageuka uani. Tanuri alikuwa bwana harusi mpya, bado anataka kupendwa na ukoo wote. Akamwambia mwashi, "Sogeza kamba huku kwangu." Mwashi akauliza kama amesikia vizuri. "Sogeza. Huyu ni shemeji yangu." Kamba ikasogea hatua nzima ya mtu mzima, ukuta ukapanda hapo kutoka mbele mpaka nyuma.

Hawakuandikishana. Unaandikishana nini na kaka wa mkeo? Ukitoa kalamu tu umeshakuwa mchoyo. Na kwa miaka mingi Shemeji hakuacha kumsifu kila penye kadamnasi: "Huyu bwana alinikatia ardhi kama anavyokata mkate." Tanuri alikuwa akitazama chini na kutabasamu.

Baadaye lori lilikufa, likauzwa chuma chakavu. Ile nafasi ya kugeuzia ikawa banda, banda likawa vyumba viwili vya kupangisha, vimeegemea ukuta kabisa. Tanuri aliona mabati yakichungulia juu ya ukuta akanyamaza. Shemeji ni shemeji. Hata hakukumbuka kwamba mabati yale yalikuwa yamekaa juu ya kiwanja chake, mpaka leo dirishani.

*

Nyumba ya Tanuri ilikuwa na ngazi. Vyumba vya kulala juu, bafu juu, choo juu. Chini ni sebule, jiko na stoo. Walipoijenga walikuwa vijana na ngazi zilikuwa fahari yao. Kisha mkewe aliteleza, nyonga ikavunjika, daktari akaiunga kwa chuma na kumwambia kupanda ngazi asahau. Tangu hapo alilala sebuleni, nyuma ya pazia ambalo Tanuri alilitundika kwenye waya. Alioga jikoni, ndani ya beseni, mlango umezuiwa kwa kiti. Kwa haja palikuwa na ndoo yenye kifuniko. Tanuri aliipandisha juu kila asubuhi bila kusema neno, na mkewe aligeuza uso ukutani mpaka amalize kushuka.

Mwanamke huyu alikuwa amefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Hakuwahi kuvumilia hata doa kwenye kitambaa cha meza. Sasa alikuwa anageuza uso ukutani.

Ndiyo maana chumba. Chumba kimoja ubavuni mwa nyumba, chenye bafu na choo ndani, kisicho na kizingiti hata kimoja. Na kilitakiwa haraka, kwa sababu binti yao, mwalimu katika mji mwingine, alikuwa ameshasema neno lake kwenye simu: "Baba, shule zikifungwa nakuja kumchukua mama. Jengo langu lina lifti. Nikikuta hata msingi umechimbwa nitanyamaza. Nikikuta lile pazia, naondoka naye."

Mkewe hakutaka kwenda. Alilisema mara moja tu, akikunja nguo zilizokauka. "Watu wa umri wangu wakihamishwa hawarudi. Wanarudishwa."

Siku ile Tanuri alipoingia, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, fremu yake ya kutembelea mbele yake kama meza ya hakimu.

"Umempiga mtu?" aliuliza.

"Sijampiga mtu."

"Basi kuna maendeleo. Wamesemaje?"

"Wanasema bado."

"Bado nini?"

"Bado tu, mama watoto. Si unawajua."

Karatasi ya kusainiwa ilikuwa mfukoni mwake wa ndani. Hakuitoa. Ataitoa ikiwa na saini, alijiambia, na hapo hapatakuwa na cha kueleza.

*

Shemeji alikuwa mjane, na jioni zake alizimalizia kwenye kiti cha lori. Lori lilipouzwa aliking'oa akakiweka uani, chini ya upenu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia.

"Karibu, mla mikate," alisema.

"Nimekaribia, mnusa dizeli."

"Mikono mitupu? Mtu wa mkate huji na mkate?"

"Nimekuja na shida."

"Hiyo ndiyo unayoijua kuoka."

Walicheka, kama desturi yao. Tanuri akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza habari yote, akatoa karatasi. Shemeji alivaa miwani, akasoma mpaka chini, akavua miwani. Hakucheka tena.

"Nikisaini hii, halafu?"

"Halafu wanakuja kuona, napata kibali, namjengea dada yako chumba."

"Wanakuja kuona nini?"

Tanuri alitupa jicho kwenye vyumba. Hatua chache kutoka pale, mke wa mpangaji mmoja fundi viatu alikuwa akisugua sufuria mlangoni mwa chumba chake. Mkono wake ulikuwa umesimama.

"Nikwambie watakachokiona," Shemeji alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wataona vyumba viwili. Vina kibali? Havina. Viko wapi? Nimesaini mwenyewe kwamba viko kwenye kiwanja cha mtu. Kesho yake naamkia alama nyekundu ya kubomolewa ukutani. Lori lilikufa, Tanuri. Wewe una kiinua mgongo chako cha kiwandani. Mimi kiinua mgongo changu ndicho hicho unachokiona kimeegemea ukuta."

"Nafasi ile nilikupa ugeuzie lori."

"Ulinipa. Sikukuibia."

"Sijasema umeiba. Naomba saini."

"Kitu ulichonipa mbele ya watu ni changu. Unataka uje ukichukue na mpima?"

"Ni kwa ajili ya dada yako. Dada yako anaoga jikoni, Shemeji. Kiti kimezuia mlango."

Shemeji aliitazama karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Dada ana binti mwenye lifti," alisema. "Atakaa kama malkia kule. Wewe ndiye unayemng'ang'ania hapa, kwa sababu huwezi kujipikia hata chai."

Damu ilimpanda Tanuri mpaka masikioni. Alisimama, ndoo ikaanguka nyuma yake. Kuna maneno ambayo mtu akishayasema kwa shemeji yake, ukoo unahitaji kikao kuyafuta. Yote yalikuwa yamejipanga ulimini. Aliyameza. Alitoka pale bila kuaga.

Mtu angemuuliza: si uende kwa mpima, yaishe? Alitaka. Alitamani kuiona ile alama nyekundu ikipigwa kwa brashi, kwa macho yake. Lakini yule alikuwa mdogo pekee wa mkewe. Mkewe ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamlipia leseni ya kwanza ya udereva kwa mashuka aliyofua. Tanuri aliona kwamba akimleta mpima, atakuwa amepata chumba na kumpoteza atakayelala ndani. Kwa hiyo alikaa na hasira zake, akawa anazipanga upya kila siku kama mikate kwenye rafu.

Na akaendelea kudanganya.

"Kaka yangu haonekani siku hizi," mkewe alisema. Shemeji alikuwa na mazoea ya kuja kumsomea gazeti na kubishana naye kila ukurasa.

"Ana mafua."

"Mafua gani hayo hayaishi?"

"Ya wazee."

Alimwendea mchoraji, akamwomba akipunguze chumba mpaka umbali utoshe. Mchoraji alifuta mstari huu, akafuta ule, mwishowe akaweka kalamu chini. "Nikipunguza zaidi, mzee, utakuwa umejenga kabati. Mama ataingia na fremu yake, lakini kugeuka itabidi atoke nje."

Tanuri alirudi nyumbani na mchoro wa kabati. Alipofungua mlango, Shemeji alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kofia magotini.

*

"Mgonjwa wa mafua amepona," mkewe alisema. "Kaa."

Tanuri alibaki amesimama.

"Nimesema kaa, baba watoto. Shingo inaniuma kukutazama."

Alikaa kwenye kiti, kilekile cha mlango wa jikoni.

"Kaka yangu ananiambia unataka kumfukuzia wapangaji. Ananiambia umemkunjia uso uani kwake mbele ya watu. Ananiambia niongee na wewe, kwa sababu wewe husikii la mtu. Sasa naongea na wewe. Ni kweli?"

"Kwanza aseme na yeye alichoniambia."

"Nilikuambia ukweli," Shemeji alisema.

"Ulisema dada yako aende kwa lifti."

Mkewe alimgeukia mdogo wake polepole. Siku zile kila kugeuka kwake kulikuwa na kazi.

"Ulisema hivyo?"

"Dada, nilisema kwa wema. Kule utaoga vizuri. Hakuna ngazi. Mjukuu yuko hapo hapo. Hapa unateseka kwa ukaidi wa huyu bwana tu. Mimi nikisaini, wale watu wangu wanalala wapi? Yule fundi viatu ana mtoto mchanga."

"Kwa hiyo mpangaji abaki," mkewe alisema, "mimi niondoke."

"Sikusema hivyo."

"Hujasema. Nimejumlisha mwenyewe. Hesabu ninaijua."

Shemeji alizungusha kofia yake.

"Ulitaka pa kugeuzia lori, ukapewa," mkewe aliendelea. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Tanuri alikuwa ameishi naye maisha mazima na hakuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa imekauka kama shuka lililosahaulika kwenye kamba. "Lori likaondoka, hukurudisha. Ukajenga. Nikasema sawa, ni ndugu yangu, ale. Leo mimi nataka pa kugeuzia mguu. Mguu mmoja. Unaniambia nikageuzie kwa binti yangu."

"Dada, nikisaini nimekufa."

"Hujafa. Mimi ndiye ninayehamishwa."

"Siwezi," Shemeji alisema. "Kwa kweli siwezi."

"Basi usisaini." Alivuta fremu yake, akaegemeza mikono juu yake. "Baba watoto, kesho kamlete mpima."

Shemeji alimtazama, kisha akamtazama Tanuri, kama anayengoja mmoja wao acheke. Hakuna aliyecheka. Akavaa kofia akatoka, na mlango aliufunga kwa upole, kama asiyetaka hata mlango umsikie.

Tanuri alishusha pumzi. Alidhani hapo pamekwisha. Akaanza kusema, "Nilijua utaelewa."

"Wewe nyamaza. Zamu yako ndiyo hii."

Mkewe alielekeza kidole dirishani.

"Kiwanja hiki nusu yake ni mikono yangu. Ilibabuka kwa sabuni. Ile siku ulipomwambia mwashi asogeze kamba, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kazini."

"Niliporudi ukaniambia nini?"

Tanuri alikumbuka vizuri alichomwambia. Alimwambia: njoo uone nilivyomfanyia kaka yako.

"Ulikata changu ukampa ndugu yangu ili usifiwe wewe," mkewe alisema. "Mkasifiana nyinyi wawili miaka yote hiyo, mimi nimekaa katikati nawamiminia chai. Na juzi umeficha karatasi mfukoni, unaniambia mafua. Hamkuniuliza mlipotoa, na hamkuniuliza mlipogombana. Sasa nenda ukanikorogee uji. Sina hamu ya kukuona."

Alikwenda jikoni akakoroga uji, ukashika chini. Aliupeleka hivyohivyo, na mkewe aliunywa wote huku ameugeuzia ukuta uso wake.

*

Mpima alikuja na chombo chake cha miguu mitatu, na dada wa dirishani akaja nyuma yake na viatu vya matope na barua ya halmashauri iliyomlazimisha Shemeji kufungua geti. Mpima alichungulia, akasogea, akachungulia tena. Jiwe la mbele walilipata haraka, chini ya majani. La nyuma liligoma. Mwishowe alisimama mbele ya mlango wa fundi viatu.

"Liko humu," alisema.

Fundi viatu alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama pembeni. Basi wakatoa kitanda, wakatoa godoro, wakatoa kamba ya nepi. Mke wa fundi alisimama uani na mtoto begani, huku nyundo ikipasua sakafu aliyokuwa akiipiga deki kila siku. Jiwe lilikuwa chini kidogo tu, na namba yake inasomeka. Wote walikuwa wamelala juu ya mpaka wa Tanuri bila kujua, na sasa walijua.

Dada wa dirishani aliandika. Halafu akachukua brashi. Alipiga alama mbili nyekundu, moja kwa kila chumba, bila haraka na bila chuki, kama mtu anayepiga muhuri.

Tanuri alikuwa amesubiri kuliona hili. Alikuwa ameliota akiwa macho. Sasa alisimama pale na kuona rangi ikichuruzika kwenye plasta, na hasira hazikushuka hata kidogo. Zilikuwa zinatafuta tu pa kukaa. Alimkasirikia yule dada kwa upole wake. Alimkasirikia Shemeji kwa kutomtazama mpangaji wake usoni. Alimkasirikia bwana harusi mmoja mjinga aliyemwambia mwashi asogeze kamba.

Siku kibali kilipogongwa muhuri, mafundi wake walianza kuchimba msingi. Fundi viatu naye alikuwa akipakia vyombo kwenye mkokoteni nje ya geti la Shemeji. Tanuri alimkuta pale, akashindwa kupita bila kusema neno.

"Umepata pengine?"

"Tumepata. Mbali kidogo."

"Mtoto hajambo?"

Fundi alikaza kamba ya mkokoteni kwa goti. "Mzee, umepata chumba chako," alisema. "Hongera." Alilisema vizuri tu, kwa adabu zote. Tanuri angetukanwa angejua la kufanya.

Binti alikuja shule zilipofungwa. Alikuta msingi, akakuta matofali yamepanda mpaka usawa wa dirisha, akanyamaza kama alivyoahidi. Alikaa na mama yake, akalitazama pazia kwa jicho baya, akaondoka peke yake. Hilo lilikuwa limekwisha. Mkewe hataenda popote.

Lakini kaka yake hakuja kusoma gazeti. Na yeye hakumwita.

*

Halmashauri ilikuwa imempa Shemeji muda wa kubomoa mwenyewe, vinginevyo wangeleta watu wao na kumdai gharama. Alianza asubuhi moja, peke yake. Kwanza ilisikika misumari ikilia, kisha bati likigongwa kwa chini. Vumbi lilipita juu ya ukuta, likaingia sebuleni.

"Nani anabomoa?" mkewe aliuliza.

"Mwenyewe."

"Na nani?"

"Peke yake. Yuko juu ya paa."

Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena. "Na magoti yale."

Tanuri alitazama dirishani.

"Usije ukasema nimekutuma," mkewe alisema. "Mimi nimemkasirikia bado. Akianguka nitamkasirikia zaidi. Na wewe pia sijamalizana nawe."

"Najua."

"Basi ni hivyo."

Tanuri alizunguka kwa mbele, akapita kwenye geti lililokuwa wazi. Shemeji alikuwa amechuchumaa juu ya boriti, ameshika ncha ya bati ambalo mtu mmoja hawezi kulishusha bila kulipinda au kupinda yeye. Alimwona Tanuri. Hakusema karibu.

Tanuri aliinua mikono akaishika ncha ya chini.

"Nani kakuita?"

"Hakuna."

"Umekuja kuangalia ulivyonifanya?"

"Niliangalia siku ile ya rangi. Achia."

"Sijakusamehe, ujue."

"Sijaja kuomba msamaha. Wewe ulitaka kunihamishia mke. Nikusamehe mimi kwanza?"

"Shika vizuri."

"Nimeshika."

"Hujashika, mtu mzima. Weka mkono kwa chini, pana makali hapo. Utakatika vidole halafu useme nimekufanyia makusudi."

Tanuri aliweka mkono kwa chini. Shemeji akaachia. Bati lilishuka kwa kishindo na vumbi lote la miaka likawamwagikia vichwani, wakakohoa kila mmoja upande wake. Walilisimamisha ukutani bila kutazamana.

"Mangapi bado?" Tanuri aliuliza.

"Una macho, hesabu."

Shemeji alikuwa tayari ameshaanza kung'oa misumari ya bati la pili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tanuri alitema vumbi, akafuta mikono kwenye suruali, akasogea chini yake kungoja.